Tunashuka Dar Desemba na mtoto mwenye ualbino na bibi wa presha. Tujiandaeje?

"Daktari, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, tunaishi Njombe mjini. Desemba hii shule zikifunga tunategemea kushuka Dar es Salaam kwa dada yangu anayekaa Mbagala, siku kumi hivi. Watoto hawajawahi kuiona bahari. Wa kwanza ni wa kiume, ana miaka 11 na ana ualbino. Mdogo wake ana miaka mitatu. Tutakuwa pia na mama mkwe, ana miaka 68 na anatumia dawa za presha za aina mbili, moja ni ile ya kukojoza. Sasa kila mtu ana lake. Jirani anasema mtoto nimwache, jua la pwani litambabua, huku kwetu ni salama maana ni baridi. Mume wangu anasema joto litampandisha mama presha, kwa hiyo aongeze dozi. Muuzaji wa duka la dawa kaniambia wote tunywe dawa ya mseto kabla ya kuondoka ili malaria isitupate. Dada yangu anacheka tu, anasema Dar watu wanaishi, na tayari amepanga kutupeleka Coco Beach na kisiwa cha Mbudya. Nimsikilize nani?"

Marahaba, mama. Nendeni wote, na kijana asibaki. Hao waliokushauri wana nia njema, na hatari wanayoiogopa ipo kweli, ila haipo pale wanapokuonyesha. Jua la kumbabua mwanao mnalo hapo hapo Njombe. Joto la Dar lina tabia ya kuishusha presha ya bibi, si kuipandisha. Na malaria, kama mtaipata, kuna uwezekano mkubwa itajitokeza mkiwa mmesharudi nyumbani, wakati hakuna tena anayeifikiria.

Nianze na kijana, maana ndiye unayeambiwa umwache.

Jirani yako amechanganya vitu viwili vinavyotoka kwenye jua hilo hilo: joto na mionzi ya urujuanimno. Joto unalisikia mwilini. Mionzi huisikii hata kidogo wakati inakupiga, na ndiyo inayobabua ngozi na kuleta saratani. Baridi haiizuii. Njombe mjini mko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kwa kila mita 1,000 unazopanda mionzi hiyo huongezeka kwa takriban asilimia 10, kwa kuwa hewa ya kuichuja inapungua. Mwezi Desemba, saa sita mchana, jua linakaribia utosini Njombe kama linavyokaribia Dar. Ukiwatoa watoto wawili nje vichwa wazi, mmoja kwenu na mmoja Mbagala, huyo wa Njombe hapigwi kidogo kuliko mwenzake. Tena mawingu yenu yanahadaa, maana sehemu kubwa ya mionzi hupenya.

Kinachobadilika Dar ni mavazi na mwenendo. Njombe mtoto anashinda na sweta na suruali. Akifika pwani anavua, anabaki na singilendi, anashinda nje. Ufukweni mchanga mweupe na povu la mawimbi hurudisha mionzi kutoka chini, kwa hiyo hata aliyekaa kivulini hupata kiasi chake. Juu ya hapo upepo wa bahari unampoza, anajisikia vizuri, hana sababu ya kulalamika. Ngozi huja kuwaka moto usiku.

Ngozi yenye ualbino ina melanini kidogo sana au haina kabisa, na melanini ndiyo kinga tunayozaliwa nayo sisi wengine. Madhara yanajumlishana mwaka hadi mwaka. Ndiyo maana tunawaona vijana wenye ualbino wakija na vidonda vya saratani katika umri ambao wenzao hata hawajui ugonjwa huo. Kwa hiyo niseme wazi: kama huyu kijana anakwenda shule kila siku na kichwa wazi kwa sababu "huku ni baridi", hilo linanisumbua kuliko siku kumi za Dar.

Kinga yake ipangwe hivi: nguo kwanza, kivuli pili, mafuta ya jua tatu. Familia nyingi hugeuza mpangilio huu, wanampaka mtoto mafuta halafu wanamwachia kaptula. Mtafutie shati la mikono mirefu la kitambaa kilichofumwa kwa kubana na chenye rangi iliyokolea. Linyanyue kwenye mwanga wa dirisha. Ukiona mwanga unapenya kwenye nyuzi, na mionzi nayo itapenya. Fulana nyeupe ya pamba ikilowa maji inapitisha zaidi, hivyo beba shati la pili kavu. Kofia iwe pama, yenye ukingo mpana mzunguko mzima. Kepu haitoshi, inafunika paji la uso na kuacha masikio na shingo. Ukitaka kujua mtoto amekuwa akikingwa vipi, usimtazame usoni, tazama ncha za masikio, shingo kwa nyuma, mdomo wa chini na migongo ya miguu pale kanda mbili zinapoacha wazi.

Mafuta ya jua yawe ya namba 30 au zaidi. Yapo Kilisun, yanayotengenezwa Moshi pale hospitali ya KCMC kwa ajili hasa ya watu wenye ualbino. Uliza hospitali ya mkoa au viongozi wa Chama cha Watu wenye Ualbino katika eneo lenu namna ya kuyapata, na uulize sasa, usisubiri wiki ya safari. Apakwe robo saa kabla ya kutoka na kurudiwa kila baada ya saa mbili, na kila akitoka majini. Kosa kubwa ni kubania. Watu huyapaka kama losheni ya kawaida, wakiyasambaza mpaka yasionekane. Kamulia mstari mzima juu ya vidole viwili, cha shahada na cha kati: hicho ndicho kipimo cha uso, masikio na shingo peke yake. Mafuta ya nazi, Vaseline na losheni za watoto hulainisha ngozi, na hiyo ndiyo kazi yake; jua haliyajui.

Kuna jambo moja sikuliona kwenye barua yako: macho. Watoto wengi wenye ualbino macho yao huchezacheza, mwanga mkali huwaumiza, na hawaoni mbali vizuri. Ufukweni maana yake ni kwamba hataliona wimbi linalokuja mpaka limfikie, wala hatakuona ukimpungia mkono urudi. Anunuliwe miwani ya jua yenye kinga ya urujuanimno, na apewe mtu mzima mmoja, mwenye jina, wa kuwa naye karibu kiasi cha kumshika mkono. "Tunamwangalia wote" maana yake hakuna anayemwangalia.

Kuhusu mipango ya dada yako: Coco Beach nendeni, ila fikeni baada ya saa kumi alasiri. Ufukwe ule unatazama mashariki, kwa hiyo saa hizo jua liko mgongoni na limelegea, na ndio wakati wenyewe mihogo ya kukaanga inapotoka jikoni. Mbudya ni habari nyingine. Boti za kutoka Kunduchi ni za wazi, na safari yenyewe kwa kawaida inakula zile saa mbaya kabisa, saa nne asubuhi hadi saa kumi. Kisiwani kuna vibanda vya makuti, hivyo haishindikani: mvuke mapema, mshike kibanda, aogelee na shati lake. Lakini ukiniuliza mimi, kwa familia hii Coco mara mbili ni bora kuliko Mbudya mara moja.

Sasa bibi, ambaye kwangu ndiye mwenye hatari ya karibu zaidi.

Mwili hujipoza kwa njia mbili. Ya kwanza ni mishipa ya damu ya ngozi kutanuka ili damu ya moto ije juu ipoe. Ya pili ni jasho, na hapa watu hukosea: jasho kutoka halikupozi, kinachokupoza ni jasho kukauka. Dar mwezi Desemba mchana hufika nyuzi 31 au 32, ambazo peke yake si za kutisha, lakini hewa imejaa unyevu. Jasho linatoka na kubaki juu ya ngozi, kama nguo zilizoanikwa siku ya ukungu Njombe. Ndilo lile fukuto. Na usiku halipungui sana, joto hubaki karibu nyuzi 24 au 25, kwa hiyo mwili haupati nafasi ya kupumzika. Mwili hujifunza, kwa kweli. Jasho huanza kutoka mapema zaidi na kubeba chumvi kidogo. Lakini kujifunza huko huchukua wiki moja hadi mbili, ninyi mnakaa siku kumi. Dada yako yuko sahihi kwamba Dar watu wanaishi. Wao miili yao imeshajifunza.

Sasa fikiria presha. Mishipa ikitanuka na maji yakipungua mwilini kwa jasho, presha hushuka. Bibi yuko kwenye dawa ya kuishusha, tena pamoja na ya kukojoza inayotoa maji na chumvi. Mkimwongezea dozi kama mumeo anavyotaka, mnamsukuma upande ule ule anaoteremkia. Atainuka kitandani alfajiri kwenda msalani, kizunguzungu kitamshika, ataanguka, na nyonga iliyovunjika katika umri wa miaka 68 ni maradhi mazito kuliko presha aliyokwenda nayo. Wala asiache dawa kwa uamuzi wake, maana hapo tunakaribisha kiharusi.

Kinachotakiwa ni hiki. Wiki mbili kabla ya safari aende kliniki yake, apimwe presha akiwa amekaa na tena akiwa amesimama, na amwambie daktari wake: nakwenda pwani siku kumi, kipindi cha joto. Wakati mwingine dozi ya ile ya kukojoza hupunguzwa kwa muda, wakati mwingine haiguswi. Inategemea vipimo vyake, figo zake na moyo wake, na siwezi kuamua hilo kwa barua. Kama presha yake bado inacheza juu ya 180 kwa 110, au miguu inavimba na anapumua kwa shida akilala chali, au amepata kiharusi miezi ya karibuni, safari isubiri mpaka daktari wake aridhike. Kama vifundo vya miguu vitavimba kidogo akiwa Dar na anatumia amlodipini, mojawapo ya dawa za presha, hilo ni la kawaida, joto na dawa vinasaidiana kulileta. Akivimba mguu mmoja tu, tena unauma, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Usisahau basi lenyewe. Kina mama wengi watu wazima hawanywi maji safarini kwa kuogopa kuchimba dawa kichakani mbele za watu. Mkimaliza kushuka Kitonga na kuingia Ruaha Mbuyuni joto linabadilika ghafla, na bado kuna Mikumi, Morogoro na Chalinze. Bibi anafika Dar jioni mwili umekauka, amevimba miguu, na kichwa kinamgonga. Kila basi likisimama kwenye hoteli ya abiria ashuke, atembee, aende chooni, anywe. Umwambie wewe mapema, kwa heshima, kwamba ni agizo la daktari. Agizo huwa jepesi kulikubali kuliko ombi la mkamwana.

Nyumba ya bati hupata moto mchana kutwa na kuutoa usiku. Mpeni bibi chumba chenye madirisha pande mbili kama kipo. Feni inasaidia, na inasaidia zaidi akiwa amejifunika mabegani khanga iliyoloweshwa na kukamuliwa, maana hapo kuna maji ya kukauka. Anywe kidogo kidogo bila kungoja kiu, kwa kuwa kiu ya wazee huchelewa. Madafu ni mazuri, lakini yana potasiamu nyingi. Kama ana shida ya figo, au dawa yake ya pili ni losartani au zile za jamii yake, dafu moja kwa siku linatosha.

Dalili ya kukimbilia hospitali ni akili. Akianza kuongea maneno yasiyoeleweka, kuyumba, au kutojua alipo, na mwili ni wa moto, usipoteze muda kutafuta kama anatoa jasho au hatoi. Mweke kivulini, mpunguzie nguo, mmwagie maji na mpepee huku gari linatafutwa. Aliyechanganyikiwa asilazimishwe kunywa, atapaliwa.

Mdogo wa miaka mitatu atapata harara shingoni na kwapani, karibu ni lazima. Aogeshwe maji ya kawaida mara mbili tatu kwa siku na avae vinguo vyepesi vya pamba. Mafuta mazito yaacheni Njombe.

Tuje kwenye malaria, na hapa sitamung'unya maneno: muuzaji huyo wa dawa amekupotosha. Dawa ya mseto ni ya kutibu malaria iliyopimwa na kuonekana. Sehemu yake ya kwanza, artemetha, hutoka mwilini ndani ya saa chache. Ya pili hukaa siku kadhaa na kupungua. Mkiimeza Njombe, kinga yake inazidi kupungua kila siku mkiwa Mbagala, na mmejiona salama bure. Zaidi ya hapo, matumizi ya hovyo huwasaidia vimelea kuizoea dawa. Dalili za usugu zimeshaonekana mkoani Kagera, nasi hatuna dawa nyingine nyingi za kukimbilia.

Hata hivyo hofu yako ina msingi. Njombe ni kati ya mikoa yenye malaria kidogo kabisa nchini, pamoja na Arusha, Kilimanjaro na Manyara. Kwa hiyo watoto wako hawana ile kinga ya kiasi ambayo mtu wa maeneo yenye malaria huijenga kwa kuumwa mara kwa mara. Homa ambayo mtoto wa jirani wa Mbagala ataibeba siku mbili, kwa wako inaweza kupanda hadi degedege na upungufu wa damu. Silaha ya kwanza ni chandarua chenye dawa, na mbebe cha kwenu, kwa sababu wageni wakilala sebuleni chandarua huwa hakuna. Jioni miguu na mikono ifunikwe au ipakwe dawa ya kufukuza mbu. Kijana apakwe mafuta ya jua kwanza, yakauke, ndipo ya mbu.

Dawa za kinga za kweli zipo, zinatolewa kwa cheti. Kwa siku kumi za mjini, watu wazima wenye afya wanaweza kutegemea chandarua na kupima mapema. Kwa mtoto wa miaka mitatu ningeomba uongee na daktari, na kwa mjamzito au mwenye selimundu ningesisitiza. Jambo la kuangalia: doksisaiklini, ambayo ni rahisi na hupatikana kila mahali, haifai kwa mtoto huyo mdogo, na hufanya ngozi ibabuke haraka juani. Kwa kijana wako mwenye ualbino isitumike, ziko nyingine.

Mchana kuna mbu mwingine, wa dengue. Dar imepata milipuko yake, 2014 na tena 2019. Ndiyo sababu homa yoyote mkiwa huko itulizwe kwa panado peke yake mpaka mpime. Ibuprofeni, diklofenaki na asprini zinaweza kuchochea kutoka damu kama ni dengue.

Kimelea cha malaria kikiingia mwilini hujificha kwenye ini kwanza. Kwa kawaida homa haiji kabla ya siku ya saba, na mara nyingi huja kati ya siku ya saba na ya kumi na nne, wakati mwingine baada ya wiki nyingi zaidi. Piga hesabu: mtoto akiumwa siku ya tatu Dar, tafuta sababu nyingine, ingawa kupima hakudhuru. Aliyeng'atwa siku ya nane ataumwa mko Njombe, sweta mwilini, na mhudumu wa zahanati yenu atafikiria mafua au nimonia kwa sababu ndivyo anavyoviona kila siku. Kwa miezi miwili baada ya kurudi, homa ya mtu yeyote kati yenu ipimwe kipimo cha haraka cha malaria ndani ya siku hiyo hiyo, na kwa mdogo msilale nayo. Ukifika dirishani, kabla hujaeleza dalili hata moja, sema mmetoka Dar es Salaam na taja tarehe mliyorudi. Kipimo kikitoka hasi na homa ikaendelea, rudi kesho yake kirudiwe.